Tembo Weupe wa Arita

Sisi tembo tunamjua. Wengi wetu tumeona nyayo zake, na wengine wamelia mihogo yao ilipokanyagwa. Basi sikilizeni habari za mafundi waliofinyanga tembo kwa ustadi mkubwa, nao huenda hawakumwona hata siku moja, ila katika picha tu.

Huko London, katika nyumba ya makumbusho iitwayo British Museum, wamo tembo wawili wa kauri, kimo chao sentimeta 35 hivi. Miili yao ni myeupe kama maziwa, nayo imepambwa kwa rangi nyekundu, kijani, manjano na buluu. Walifanyizwa inchi ya Japani, upande wa Arita, kati ya mwaka 1660 na 1690.

Elimu hiyo ilitoka wapi? Tangu mwaka 1592 hata 1598 mtawala Hideyoshi wa Japani alipeleka vita Korea. Majeshi yaliporudi yalichukua wafinyanzi wengi mateka. Watu wa Arita husimulia kwamba mmoja wao, Yi Sam-pyeong, ndiye aliyevumbua jiwe jeupe la kufanyia kauri, karibu na mwaka 1616.

Kisha, katika miaka ya 1640, fundi Sakaida Kakiemon alijifunza kutia rangi juu ya kauri iliyokwisha kuiva. Kazi yenyewe ni hivi: chombo huchomwa kwanza kwa moto mkali sana, hata king'ae kama kioo. Kikipoa, fundi huchora kware, korongo au joka, kisha hukirudisha tanuruni kwa moto mpole, maana moto mkali ungeharibu rangi. Akikosea kidogo, kazi yote ya mbele imepotea.

Wakati ule Uchina ilikuwa katika vita, na biashara ya kauri yake ilizuiliwa. Kwa hiyo Waholanzi wakanunua Arita, hasa tangu mwaka 1659, wakapeleka vyombo Ulaya. Baadaye mafundi wa Meissen, Udachi, wakaiga kware wale wale.

Jina la Kakiemon lilienea pote. Lakini majina ya mateka wengi wa Korea yamepotea. Yi Sam-pyeong amekumbukwa: mwaka 1917 watu wa Arita walimsimamishia nguzo ya mawe mlimani. Wenzake wengi hawana nguzo; wana tembo wale weupe tu. Ndugu, ukisifu kazi nzuri, uliza pia ni nani waliotoa jasho mbele yake.