Visiwa, Bara na Mgao wa Mpira

Kila tarehe 9 Desemba tunapokutana hapa Vällingby kuadhimisha Uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961, wazee huzungumza siasa na watoto huzungumza mpira. Na haikosi mtoto mmoja kuuliza: ikiwa Zanzibar ina timu yake, mbona hatuioni kwenye kufuzu Kombe la Dunia? Jibu lake ni la historia, na ndani yake mna suala la fedha ambalo sisi wazazi inafaa tulieleze vizuri.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililodhaminiwa na watengenezaji wa sabuni. Tanganyika ikajiunga mwaka 1945, na Zanzibar miaka michache baadaye. Kwa hiyo Unguja na Pemba zilikuwa na timu ya kimataifa kabla ya Uhuru, kabla ya Mapinduzi, na kabla ya Muungano wa 26 Aprili 1964. Muungano ulipokuja, michezo haikuingizwa katika mambo ya Muungano. Ndiyo maana hadi leo Zanzibar ina ligi yake, baraza lake la michezo na shirikisho lake la soka. Katika mashindano ya CECAFA ya Afrika Mashariki na Kati kila upande huja na jezi yake, na mwaka 1995 Zanzibar ilitwaa kombe hilo nchini Uganda.

Kwa FIFA, hata hivyo, mlango ni mmoja tu, nao ni TFF. Mwaka 2016 FIFA ilianzisha mpango wa maendeleo uitwao Forward, uliomtengea kila mwanachama hadi dola milioni 5 kwa miaka minne, Ujerumani sawa na Comoro. Ukiutazama haraka, huo ni usawa mtupu. Lakini usawa huo unahesabu mashirikisho, hauhesabu watoto wala viwanja. Comoro, yenye watu chini ya milioni moja, ni mwanachama tangu 2005 na ina fungu lake. Zanzibar, yenye watu karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, haina. Inategemea kinachopitia Bara. Viongozi wa soka wa Visiwani wamelalamika kwa miaka mingi kwamba kinachowafikia ni kidogo. Bara nako wana hoja: fungu ni moja, na mikoa ya Bara peke yake ni 26. Kijana wa Rukwa au Kigoma anayecheza mpira wa ridhaa kwenye uwanja wa vumbi naye anasubiri zamu yake.

Machi 2017, mjini Addis Ababa, CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Furaha ile haikudumu. Julai mwaka huo huo, mjini Rabat, uanachama ukafutwa kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili. Desemba timu ya Zanzibar ikafika fainali ya CECAFA huko Machakos, ikatoka sare ya 2-2 na Kenya, ikashindwa kwa penalti. Waliofuta uanachama hawakufuta kipaji.

Upo mfano wa karibu nasi. Visiwa vya Faroe viko ndani ya ufalme wa Denmark, lakini viliingia FIFA mwaka 1988, kabla masharti hayajakazwa. Tarehe 12 Septemba 1990 timu yao ya wachezaji wa ridhaa iliifunga Austria 1-0. Mechi ilichezwa Landskrona, hapa hapa Sweden, kwa sababu kwao hakukuwa na uwanja wa nyasi unaokubalika. Baadaye walijenga wa kwao.

Sweden yenyewe ina kipimo kingine. Ruzuku ya serikali iitwayo LOK-stöd, inayopitia Riksidrottsförbundet, inahesabu mahudhurio: mtoto au kijana wa miaka 7 hadi 25 akifika mazoezini, klabu yake inapata kitu kidogo. Watoto wetu wanaofanya mazoezi Grimsta wanahesabiwa kama wenzao wa kijiji cha Norrland. Hapa pia pana kasoro: klabu isiyo na mtu wa kuandika mahudhurio inakosa, na hesabu ya vichwa haiulizi nani anasafiri mbali zaidi.

Kwa hiyo vipo vipimo vitatu: kwa mwanachama, kwa kichwa, na kwa hitaji. Kila kimoja ni haki kwa mtu fulani na kinamwacha mwingine nje. Ugomvi mwingi huanza pale kipimo kinapochaguliwa kimyakimya.

Hili linatuhusu sisi wenyewe. Katika chama chetu wapo wa Bara na wa Visiwani, familia za watoto watano na za mtoto mmoja, wanaoishi jirani na wanaopanda treni saa nzima. Tunapogawa pesa za jezi na nauli za watoto, tutaje kwanza kipimo, tukipigie kura, kisha hesabu zibandikwe ukutani. Aliyepata kidogo asome mwenyewe kwa nini, na mwakani awe na nafasi ya kusema kipimo kibadilishwe.

Na mtoto akiuliza tena kuhusu Zanzibar, tusimwambie "ndivyo ilivyo". Tumweleze.

Heri ya Siku ya Uhuru.