Upepo, Mbigili na Viraka: Historia ya Pancha ya Baiskeli katika Nyanda za Singida

Mkiwa, katika Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, ni njia panda ambapo barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida hukutana na ile inayoelekea Itigi, Rungwa na Makongolosi. Na kwa kuwa nyanda hizi ni kame, zenye migunga na vichaka vya miiba, historia ya baiskeli katika sehemu hii haitenganishwi na historia ya pancha. Waandishi wengi wa historia ya usafiri wameshughulika na reli na magari, ilhali fundi wa baiskeli, ambaye bila yeye chombo hicho kisingedumu vijijini hata msimu mmoja, amepewa nafasi ndogo isiyolingana na kazi yake.

Tairi la upepo halikubuniwa kwa ajili ya ardhi ya namna hii. Robert William Thomson alipata hataza yake Uingereza mwaka 1845, lakini ubunifu huo ulisahaulika hadi mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alipopata hataza ya tairi alilolitengeneza kwanza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Matairi ya mwanzo yaligundishwa kwenye rimu, hata kuziba tundu moja kukawa kazi ya saa nyingi; ndipo ndugu André na Édouard Michelin wa Ufaransa walipotoa, mwaka 1891, tairi linalovuliwa kwa urahisi, na kazi yote ya fundi wa leo imesimama juu ya hatua hiyo.

Katika Tanganyika baiskeli zilizotawala wakati wa Waingereza zilikuwa za Uingereza, hasa Raleigh za Nottingham, na baadaye zikaja Phoenix za China, Avon za India, na Swala zilizotengenezwa nchini na kampuni ya umma ya NABICO. Vita Kuu ya Pili ilikuwa mtihani mkubwa, kwani Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942 mpira uliadimika katika himaya nzima ya Uingereza, na tairi lililochakaa likawa mali ya kutunzwa.

Chanzo cha kwanza cha tairi kuisha upepo katika nyanda hizi ni mwiba, na mbaya kuliko yote ni mbigili, mmea utambaao ambao mbegu zake kavu zina miiba migumu inayosimama wima hata zikianguka vipi. Mwiba huo mara nyingi hubaki ndani ya tairi la nje, ukaitoboa tena tyubu iliyokwisha kuzibwa, na mwenye baiskeli akamlaumu fundi bure. Chanzo cha pili ni mzigo: baiskeli iliyopakia gunia la mkaa au matenga ya kuku, ikiwa na upepo mdogo, hugonga jiwe na kuibana tyubu dhidi ya rimu, ikaacha matundu mawili yaliyo sambamba. Ncha za spoku nazo hutoboa kwa ndani iwapo utepe unaozifunika umekatika. Vilevile valvu ya baiskeli hizi za zamani huziba upepo kwa mpira mwembamba uliovishwa juu ya kijibomba cha chuma, na mpira huo hukauka na kupasuka kwa joto. Hata tyubu isiyo na tundu hupoteza upepo polepole, kwa kuwa hewa hupenya mpira wenyewe. Mpira wa butili, uliogunduliwa Marekani mwaka 1937, hupitisha hewa kidogo zaidi kwa takriban mara kumi kuliko mpira wa mti, na kwa sababu hiyo tyubu za butili hazihitaji kupigwa pampu mara kwa mara.

Fundi stadi, basi, huanza na valvu, akiipaka mate au maji aone kama inatoa povu, kabla ya kuvua tairi upande mmoja na kuijaza tyubu upepo ili aizamishe katika karai la maji. Akiisha kuona mapovu yanapotokea, huikausha sehemu hiyo, huikwangua kwa msasa, hupaka solusheni, yaani gundi ya mpira ulioyeyushwa, kisha husubiri ikauke kabla ya kubandika kiraka. Kusubiri huko ndiko wanakokosea wengi, kwa maana gundi iliyo mbichi hufungia kimiminika chini ya kiraka, kikabanduka jua likichoma. Kabla ya kurudisha tyubu hupapasa ndani ya tairi kwa vidole kuutafuta mwiba. Utaratibu huu, uliofundishwa kwa mikono kutoka fundi hadi mwanagenzi chini ya miti ya barabarani, una uchunguzi wa chanzo ndani yake, nao unastahili kuhesabiwa kuwa elimu kamili.

Tyubu isiyozibika tena haikutupwa: ilikatwa viraka, ikafunikia ncha za spoku, au ikachanwa kuwa mipira ya kufungia mizigo kwenye keria, huku matairi ya magari yakishonwa kuwa makatambuga. Tangu pikipiki zilipoenea katika miaka ya 2000, sehemu ya mizigo na abiria wa baiskeli imehamia kwa bodaboda, ambazo nyingi nazo hutumia tyubu, hivyo karai, msasa na solusheni vimeendelea na kazi ileile kwenye magurudumu mengine.