Kutoka Rubya Hadi Katoke: Shule za Seminari Magharibi mwa Ziwa

Wewe ambaye hukuwahi kutusikia redioni, na sasa wasoma somo hili katika karatasi baada ya kazi za shamba, karibu ukae nasi. Mwenye daftari na alifungue. Asiye na daftari asikilize tu, maana somo la leo ni hadithi ya kweli, na hadithi hukaa kichwani bila wino.

Mara nyingi tukizungumza historia tunasema habari za watemi, za Wajerumani na za vita. Leo tutaingia darasani. Ikiwa wakaa Keza, au Rulenge, au Nyakahura, au Biharamulo mjini, hapana shaka wamjua mtu mmoja aliyesoma seminari. Huenda ni padre. Huenda pia ni mwalimu, mganga, karani au mkulima kama wewe. Je, umepata kujiuliza shule hizo zilianzaje, na kwa nini kwa muda mrefu kijana maskini wa upande huu aliyetaka masomo ya sekondari aliuona mlango huo kuliko mingine?

Kwanza tulifahamu neno lenyewe. Seminari ni neno la Kilatini, na maana yake ni kitalu, yaani mahali pa kuoteshea miche. Wewe mkulima wa kahawa waelewa jambo hili upesi kuliko mtu wa mjini. Mche haupandwi shambani siku ile ile mbegu inapochipua. Huwekwa kivulini, humwagiliwa, hutazamwa, na mwingine hung'olewa. Maaskofu wa Kanisa Katoliki walipokutana katika Mtaguso wa Trento huko Italia, waliagiza mwaka 1563 kwamba kila jimbo liwe na kitalu cha namna hiyo kwa ajili ya vijana watakaokuwa mapadre. Seminari ndogo ni ya vijana wenye umri wa shule ya sekondari. Seminari kuu ndiyo ya filosofia na teolojia. Somo letu ni juu ya ile ndogo.

Sasa twende Bukoba. Mwaka 1892, baada ya mapigano ya Mengo huko Buganda, Wakatoliki wengi walikimbia, na pamoja nao Askofu Yohane Yosefu Hirth, wa Shirika la Mapadre Weupe. Mwaka ule ule misioni ya Kashozi ikaanzishwa karibu na Bukoba, nayo ndiyo ya kwanza ya Kikatoliki katika nchi tunayoiita leo Mkoa wa Kagera. Mwaka 1894 Hirth alipewa eneo kubwa lililoitwa Nyanza Kusini. Tazama ramani, utastaajabu: Bukoba, Usukuma, Ukerewe, na baadaye hata Rwanda, vyote vilikuwa chini ya askofu mmoja. Hapakuwa na barabara ya motokaa. Safari ilikuwa ya miguu na mtumbwi.

Hirth alikuwa na wazo moja ambalo hakuliachia: Kanisa la Waafrika haliwezi kusimama kwa wageni peke yao. Wako wenzake waliomwona ana haraka, wakisema ni vema kungoja vizazi kadhaa. Yeye hakungoja. Mwanzoni mwa karne ya ishirini seminari ilianza katika nchi ya Wahaya, ikakaa Rubya, ambayo sasa imo katika Wilaya ya Muleba. Kuanzia mwaka 1904 wakaletwa huko hata vijana kutoka Rwanda.

Hebu tulia kidogo hapa, uwafikirie vijana hao. Wewe Mshubi au Mhangaza, ambaye lugha yako imekaribiana na Kirundi na Kinyarwanda, wajua jinsi ilivyo mbali kutoka milima yenu hadi nchi ya Wahaya, hata leo ukipanda basi. Kijana wa miaka kumi na minne alitembea siku nyingi, akafika mahali asipojua lugha, wala chakula, wala mtu. Mkerewe hakuelewa Kinyarwanda, na Mnyarwanda hakuelewa Kihaya. Juu ya hayo wote wakafundishwa Kilatini, lugha isiyokuwa ya mama wa mtu yeyote duniani. Watu wamecheka sana juu ya jambo hili: kijana wa Kiafrika kukariri maneno ya Warumi wa kale! Lakini fikiri tena. Katika darasa lile Kilatini kilimkuta kila mtu mgeni sawasawa. Hakuna aliyemcheka mwenzake kwa lafudhi. Na hata siku hizi, ukimkuta mzee aliyesoma seminari, mwanzishie neno moja tu la Kilatini, kisha ukae kitako, maana hatanyamaza upesi.

Desturi za seminari zilikuwa kali, nazo zilifanana karibu kila mahali. Kengele ndiyo iliyotawala. Wanafunzi waliambiwa kwamba kengele ni sauti ya Mungu, kwa hiyo ilipolia, hata aliyekuwa katikati ya neno alilikata. Alfajiri ni sala na misa, kisha masomo, kisha kazi ya mikono: kulima, kukata kuni, kufyatua matofali. Wakati wa kula, mmoja alisoma kitabu kwa sauti na wenziwe wakala kimya. Baada ya sala ya usiku kulikuwa na kimya kikuu mpaka asubuhi, wala hapana ruhusa ya kunong'ona. Mpira ulichezwa sana, na kuimba kulifundishwa kwa bidii, ndiyo maana kwaya nyingi za parokia zilipata walimu wao huko. Likizo nayo haikuwa likizo hasa. Kijana alirudi kijijini, lakini paroko alimwangalia, na mwisho wa likizo aliandika barua ya kueleza mwenendo wake. Barua mbaya iliweza kumrudisha nyumbani moja kwa moja.

Mwaka 1914 vita vikaja. Waingereza walishambulia Bukoba mwezi wa Juni 1915, na mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji, waliotoka Rwanda, yaliitwaa Biharamulo. Wazee wa wazee wenu walipokonywa chakula na kuchukuliwa kubeba mizigo. Ni ajabu basi kwamba katika miaka hiyo hiyo kitalu cha Rubya kilitoa matunda yake ya kwanza. Tarehe 15 Agosti 1917, huko Rubya, waliwekwa wakfu mapadre wanne wa kwanza Waafrika wa nchi hii: Selestini Kipanda, Angelo Mwirabure, Oskari Kyakaraba na Wilbardi Mupapi. Aliyewapa daraja ni Askofu Yosefu Sweens, aliyeshika mahali pa Hirth. Hirth mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia Kabgayi, Rwanda, na tarehe 7 Oktoba 1917 akawaweka wakfu mapadre wawili wa kwanza wa Rwanda, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho. Hao nao walikuwa wamesoma Rubya. Ndugu zao wa Uganda, Basil Lumu na Viktoro Mukasa, walikuwa wametangulia mwaka 1913.

Fanya hesabu katika daftari lako. Toka 1904 hadi 1917 ni miaka kumi na mitatu. Nani kati yetu leo angempeleka mtoto shule ya namna hiyo, mbali vile, akijua kwamba akifaulu hatakuwa na mke wala wajukuu wa kumletea? Twapenda kuwasifu waliofika mwisho. Mimi nataka uwakumbuke pia mama na baba. Kwa Mhaya au Mshubi wa siku zile, mwana asiyezaa ni jina la ukoo linalozimika. Wako wazazi waliokataa, nami siwalaumu.

Mwezi wa Novemba 1919 Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliandika barua kwa ulimwengu wote, akiwahimiza wamisionari wawafundishe mapadre wenyeji, tena elimu kamili, si ya nusu nusu. Barua hiyo ilipofika Rubya, kazi ilikuwa imeendelea kwa miaka kumi na mitano.

Miongoni mwa vijana waliofuata alikuwa Laureani Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912 na kubatizwa mwaka 1921. Alisoma Rubya, akaenda Katigondo huko Uganda, akawa padre mwaka 1943 na askofu mwaka 1952. Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane wa Ishirini na Tatu akamfanya kardinali, wa kwanza Mwafrika katika nyakati zetu. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru! Mtu alikuwa chini ya gavana wa Kiingereza nyumbani kwake, na huku Roma ana haki ya kumchagua Papa.

Mwaka huo huo wa 1960 mipaka ya majimbo ilibadilishwa, na likatokea Jimbo la Rulenge, likiwahudumia watu wa Ngara, Biharamulo na Karagwe. Askofu wake wa kwanza alikuwa Alfred Lanctôt. Mwaka 1969 akafuata Kristofa Mwoleka, ambaye wengi wenu mwamkumbuka, kwa sababu aliishi katika kijiji cha ujamaa, akashika jembe pamoja na wanakijiji. Tangu mwaka 2008 jimbo laitwa Rulenge-Ngara, na Karagwe imetengwa kuwa Jimbo la Kayanga. Seminari ndogo ya jimbo iko Katoke, katika Wilaya ya Biharamulo. Tafadhali usiichanganye na Katoke ya Muleba yenye chuo cha ualimu. Watu wamepoteza nauli kwa kosa hilo.

Sasa twafika penye jambo zito. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliipa Serikali uwezo wa kuzitwaa shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikisaidiwa kwa fedha za umma. Pugu ikachukuliwa, ile shule ambayo Mwalimu Nyerere aliifundisha mpaka mwaka 1955. Ihungo ya Bukoba ikachukuliwa pia. Nia ilikuwa njema: mtoto wa Mwislamu, wa Mlutheri na wa asiye na dini apate nafasi sawa na mtoto wa Mkatoliki. Lakini seminari hazikuguswa, kwa kuwa kazi yake ni kuandaa mapadre. Wanafunzi wake wakaendelea kufanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne kama wengine, na mara nyingi walifanya vizuri mno.

Waona lililotokea? Nafasi za sekondari zilikuwa chache nchi nzima. Katika wilaya za mbali kama Ngara na Biharamulo, kijana mwenye akili aliyekosa nafasi ya Serikali alibaki na njia moja: kumwendea paroko na kusema, "Padre, nataka kuwa padre." Wengine walisema kweli. Wengine walitaka kusoma tu. Na wengine, nafikiri ndio wengi, walikuwa na miaka kumi na mitatu na hawakujua bado wanataka nini. Wakubwa wa seminari hawakuwa wajinga, walilijua jambo hili. Mwaka kwa mwaka walipunguza, wakawarudisha makwao wale walioona hawana wito.

Kurudishwa kulikuwa na uchungu wake. Kijijini watu waliuliza ameiba nini. Mama alificha uso sokoni. Hata hivyo waliorudi hawakurudi mikono mitupu. Kijana mmoja wa Chato, wakati Chato ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Biharamulo, aliingia Katoke mwaka 1975, akaondoka mwaka 1977 na kumalizia kidato cha nne Mwanza. Akawa mwalimu wa kemia na hesabu, na mwaka 2015 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Ndiye John Pombe Magufuli. Upande wa pili, Protase Rugambwa, padre wa Jimbo la Rulenge tangu mwaka 1990, alifundisha huko huko Katoke katika miaka ya kwanza ya upadre wake, na mwaka 2023 akawa kardinali. Ukiniuliza ni yupi kati ya hao wawili anayeonyesha kwamba kitalu kilifanya kazi, nitasema sijui kwa nini tuchague.

Lakini kuna deni moja ambalo historia hii haiwezi kulificha. Mlango huo ulikuwa wa wavulana peke yao. Dada yake yule mseminari, aliyekuwa na akili kama yeye na pengine kumzidi, alibaki kuchota maji na kutwanga. Bukoba ilikuja kupata shule ya sekondari ya wasichana yenye jina la Kardinali Rugambwa. Ni vema. Lakini kutoka Keza hadi Bukoba ni mbali, na kwa wasichana wengi wa miaka ile ilikuwa mbali kabisa.

Kabla hatujafunga, kazi ya nyumbani kwa vikundi. Mtafuteni mzee mmoja kijijini kwenu aliyepita seminari, akamaliza au asimalize. Mwulizeni alifikaje huko siku ya kwanza, alichukua nini mkononi, na nani alimsindikiza. Kisha mwulizeni habari za dada zake. Andikeni majibu kwa maneno yake mwenyewe, bila kuyapamba, na mtu mmoja wa kikundi ayasome kwa sauti mtakapokutana tena kwa somo lijalo.