Boriti, Kadi na Kikomo cha Kuaminiana Lamu

Vyumba vya nyumba kongwe za Lamu ni virefu na vyembamba. Upana wake hauzidi sana mita 3, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua ukuta wa pili usimame wapi. Kipimo hicho kilivuka bahari. Kuwait, Bahrain, Muscat na bandari nyingine za Ghuba ziliezekwa kwa miti iliyokatwa katika vijito vya visiwa vya Lamu na bara yake, ikahesabiwa kwa korja, miti 20 kila korja, kisha ikapakiwa majahazini kungoja kusi. Hadi leo Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya.

Mzigo huo ulisafiri kwa deni, na kila deni lilikuwa na kikomo.

Tajiri wa Ghuba alimkopesha nahodha fedha au tende kabla ya kung'oa nanga. Nahodha aliwapa mabaharia wake sehemu ya ujira mapema, ili familia zao zipate kula miezi watakayokuwa baharini. Walishuka na kaskazi, wakauza tende, chumvi na samaki wakavu njiani, wakafika Lamu, Mombasa, Unguja na hata delta ya Rufiji. Huku Lamu, mwenye kibali cha mikoko alikuwa keshawapa wakataji unga, mchele na sukari ya kukaa nao matopeni, akitarajia kuzikata gharama hizo miti itakapofikishwa gatini. Mwandishi na baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na jahazi la Kuwait msimu wa 1938 hadi 1939 akaueleza mnyororo huo kwa undani: mabaharia wanadaiwa na nahodha, nahodha anadaiwa na tajiri, na hesabu hazifungwi mpaka chombo kirudi kwao salama.

Katika mnyororo kama huo, hofu ya mkopeshaji hukaa katika muda ulio kati ya fedha na mzigo. Jahazi linaweza kuzama. Bei ya boriti inaweza kushuka. Mkataji anaweza kula posho ya mwezi mzima akaleta nusu ya miti. Ndiyo maana nahodha wa mara ya kwanza alipewa kidogo, na aliyekwisha kurudi misimu kumi akapewa zaidi. Aliyetaka kuongeza ghafla, chombo kimoja mwaka huu na vitatu mwaka ujao, ndiye aliyeulizwa maswali mengi kuliko wote, hata kama biashara yake ilikuwa inashamiri. Pengine hasa kwa sababu ilikuwa inashamiri.

Mwenye kuuza kwa intaneti leo hukutana na swali hilohilo. Anapoanza kupokea malipo ya kadi, benki au kampuni inayomchakatia malipo humwekea kiwango cha juu cha mauzo kwa mwezi na kiwango cha juu cha kila muamala. Akivuka kimojawapo, malipo husimamishwa, au fedha hupokewa kisha zikazuiliwa. Wengi huona hiyo ni adhabu ya kufanikiwa. Sababu yake ni kwamba mwenye kadi anaweza kupinga malipo, kwa kawaida ndani ya siku 120, na kwa huduma ya baadaye siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ambayo ingetolewa. Akishinda, hurudishiwa fedha zake. Mfanyabiashara akiwa keshazitumia na hana kitu, hasara humwangukia mchakataji. Kwa hiyo kila shilingi iliyolipwa kwa kitu ambacho hakijafika, mchakataji huihesabu kama mkopo aliotoa yeye. Ndiyo sababu baadhi yao hushika akiba, aghalabu asilimia 5 hadi 10 ya mauzo, wakaiachia baada ya miezi 6 hivi.

Pwani ilizijua hesabu hizi kabla ya kuwako benki. Lamu, baada ya kuwashinda Mazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate katika vita vya Shela mnamo 1813, ilijiweka chini ya ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na kwa njia hiyo ikaingia katika mtandao wa fedha uliokuja kuwa na makao yake Unguja. Forodha ya Unguja ilikodishwa kwa matajiri wa Kihindi. Nyumba ya Jairam Sewji iliishika kwa miongo kadhaa, ikawa na mawakala katika bandari za mrima na kukusanya ushuru huku ikikopesha. Mfanyabiashara alichukua mali kauli, yaani bidhaa zinazolipiwa zikishauzwa, na jina lake ndilo lililoandikwa daftarini kama dhamana.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ambaye mwenyewe alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Taria Topan wa Unguja alimpa mtaji wa safari iliyoanza mnamo 1870, na Tippu Tip hakurudi Unguja hadi 1882. Miaka kama 12 tajiri yule alisubiri, akiletewa pembe za ndovu kidogo kidogo kutoka bara. Hakuna mchakataji wa kadi duniani atakayekubali muda huo. Lakini Taria alikuwa na njia za kupata habari: misafara iliyorudi, barua, mawakala wa Tabora, jamaa za mdaiwa waliobaki mjini. Kikomo chake kilipanda kwa sababu alijua. Na ni lazima isemwe kwamba ujuzi huo na mtaji huo viligharimia pia kutekwa na kuuzwa kwa binadamu. Ustadi wa mkopo haumwondolei mtu dhima hiyo.

Lamu ilikuja kuilipia dhima hiyo kwa njia yake. Wenye mashamba wa visiwani walilima ufuta, mtama na minazi ng'ambo, barani, kwa kazi ya watumwa, na wakakopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa na maduka mjini, wakiweka rehani mavuno na ardhi. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1907 utumwa wenyewe ukafutwa kisheria katika pwani ya Kenya. Haki ilitendeka, ingawa kwa kuchelewa mno, na mashamba yaliyotegemea dhuluma yakabaki vichaka. Mashamba yasipolimwa hayakuwa tena na thamani kwa mkopeshaji. Wakati huohuo reli iliyoanzia Mombasa ilikuwa imefika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na mitaji ikaifuata. Mji uliokuwa ukikopesheka ukawa hauna cha kuweka rehani ila boriti.

Kisha serikali ya kikoloni ikaja na kikomo cha aina nyingine. Sheria ya Kenya ya 1948 kuhusu mikopo kwa Waafrika ilifanya deni la Mwafrika lililozidi shilingi 200 lisiweze kudaiwa mahakamani bila idhini ya serikali. Tanganyika ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1923. Ilitetewa kuwa ni kinga dhidi ya wakopeshaji walafi. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwenye duka Mwafrika, hata awe mwaminifu vipi na mauzo yake yawe yanapanda kila mwezi, mwenye ghala hakuwa na sababu ya kumkopesha mzigo wa zaidi ya kiasi hicho. Hapa ndipo kikomo kinapogeuka dhuluma. Tajiri wa Unguja alimpima mtu kwa safari zake, sheria hii ikampima kwa rangi yake.

Boriti zenyewe zilikatiwa soko mwaka 1982, Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje. Ghuba nayo ilikuwa tayari inajenga kwa saruji na chuma kwa fedha za mafuta.

Mnamo Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa. Kwa kisiwa ambacho kutuma fedha Mombasa kulimaanisha kumkabidhi mtu bahasha apande nayo basi kutoka Mokowe, hilo lilikuwa jambo kubwa. Nayo ilikuja na vikomo: mwanzoni muamala mmoja haukuzidi shilingi 35,000. Baadaye ukaruhusiwa 70,000. Machi 2020, janga la korona lilipoingia, ukafika 150,000. Na Agosti 2023 ukawa 250,000, na kiwango cha siku 500,000. Vikomo hivi havimtazami mtu. Muuza samaki wa Kizingitini na tapeli wa mjini wamewekewa namba moja. Hata hivyo vinajulikana mapema na vinamhusu kila mmoja, na hilo ni afadhali ya kikomo kinachogunduliwa siku fedha zinapogoma kuingia.

Biashara ya Lamu inayogongana zaidi na vikomo vya kadi ni ya wageni. UNESCO iliutia Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na nyumba za Shela na Mkomani zikawa zinakodishwa na watu wa Ulaya na Marekani wanaolipa miezi kadhaa kabla. Tuseme nyumba imekubaliwa mauzo ya shilingi 500,000 kwa mwezi. Septemba maombi ya Krismasi yakija kwa pamoja, milioni 2 zinaweza kugonga mlango kwa wiki moja. Mwenye nyumba anaona neema. Mchakataji anaona milioni 2 za huduma ambayo itatolewa baada ya miezi mitatu, mahali ambapo mengi yanaweza kutokea katikati.

Na yametokea. Septemba 2011 watalii Waingereza walivamiwa Kiwayu, mume akauawa na mke akatekwa. Oktoba Mfaransa mmoja akatekwa Manda. Balozi za Magharibi zikawaonya raia wao, na waliokwisha kulipa wakataka fedha zao. Juni 2014 Mpeketoni ikashambuliwa, ikafuata amri ya kutotoka nje usiku, hata wavuvi wa usiku wakazuiwa kwenda baharini. Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje, ikazirejesha Agosti. Mara tatu ndani ya miaka kumi, fedha zilizolipwa kabla ziligeuka deni kwa siku chache. Mchakataji anayeihofia Lamu hazushi.

Kosa lake liko kwingine: anaihofia Lamu yote kwa kipimo kimoja, akiwa ofisini Nairobi au London, bila kumuuliza mwenye nyumba alifanya nini mwaka 2020. Aliyewarudishia wageni wake fedha mwaka ule amekwisha kuonyesha kile ambacho nahodha alikionyesha kwa misimu kumi, na rekodi hiyo inastahili kikomo kikubwa kuliko cha jirani yake aliyezima simu. Kwa hiyo mwenye nyumba asingoje Desemba imfikie. Aende kwa benki yake mapema, achukue hesabu za misimu mitatu, risiti za fedha alizorudisha na tarehe ambayo kila mgeni atafika, aombe kiwango kipya kwa maandishi kabla hajakihitaji. Benki nazo ziweke mtu anayejua tofauti ya Shela na mpaka wa Somalia, na zimpe mamlaka ya kupandisha kikomo.