Kutoka Malumbano hadi Uonevu wa Mtandaoni

Aghalabu hudaiwa kwamba kashfa zinazowapata vijana katika mitandao ya kijamii ni utani wa kale uliopata chombo kipya. Historia ya lugha yenyewe haikubaliani na dai hilo.

Mwanzoni mwa karne ya 19, katika uhasama baina ya Mombasa na Lamu, Muyaka bin Haji alijibizana kwa mashairi makali na Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu. Maneno yalichoma, lakini kila mshairi alijulikana kwa jina na mji wake, alifungwa na vina na mizani, na aliyeshambuliwa alikuwa na zamu ya kujibu. Hata kijembe cha leso, kilichoenea pwani katika karne ya 20, kilikuwa na mvaaji aliyeonekana mtaani. Kitenzi *kulumbana* kimehifadhi ushahidi huo, kwani kiambishi *-an-* huonyesha kutendana. *Kuonea* hakuna usawa huo: mmoja huonea, mwingine huonewa.

Facebook ilianzishwa mwaka 2004 kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwaka 2006 ilifunguliwa kwa kila aliyetimiza miaka 13, na mwaka 2009 ikaongezewa alama ya kupenda. Kukubaliwa kukawa jambo la kuhesabika kwa tarakimu. Mshambulizi aliweza kuficha jina, na kashfa ikamfuata kijana hadi kitandani. Kijana naye hurudi kutazama tena na tena, kwa kuwa mahali anapotukanwa ndipo pia anapotafuta kukubaliwa. Hapo ndipo uonevu na uraibu hukutana.

Yafaa kutahadhari, hata hivyo. Wataalamu wangali wanabishana juu ya kadiri ambayo mitandao yenyewe husababisha sonona. Na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, iliutaja uraibu wa michezo ya kompyuta bila kuutaja ule wa mitandao ya kijamii. Lakini maumivu ya anayeonewa hayangoji mjadala huo umalizike.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta iliufanya usumbufu wa mtandaoni kuwa jinai. Sheria, hata hivyo, huhitaji mwathiriwa aseme, naye ni vigumu kusema iwapo mzazi na mwalimu wanaendelea kuliita jambo hilo utani. Mtani hujulikana, na mtani hujibiwa. Pasipo na mambo hayo mawili, neno linalostahili ni uonevu.