Alama Zisizo na Sura Zilivyopata Wino

Katika alama 128 za ASCII, mfumo uliotolewa Marekani mwaka 1963 na kurekebishwa 1967, zimo 33 zisizo na sura. Namba 7 hupiga kengele. Namba 13 hurudisha uchapaji mwanzo wa mstari, na namba 10 husogeza karatasi. Namba 127 ni ya kufuta: karani aliyekosea kwenye utepe wa karatasi alirudi nyuma akatoboa matundu yote saba ya safu ile, na mashine ikapita hapo bila kuandika kitu. Amri hizi zilitokana na kazi ya teleprinta, mashine zilizochapa ujumbe uliosafiri kwa waya. Kazi ya amri hizo ilikuwa kuendesha chuma. Hakuna aliyetarajia zichapwe kwa wino.

Msimbopau wa madukani nao haukuzihitaji. Tarehe 26 Juni 1974, pakiti ya chingamu ya Wrigley's ilipopitishwa kwenye skana ya duka la Marsh mjini Troy, Ohio, mistari yake ilibeba tarakimu tu. Viwandani na maghalani mambo yalikuwa mengine. Huko skana ilishika nafasi ya mtu anayechapa kwenye kibodi, na mtu huyo hubonyeza pia Enter na Tab. Lebo inayobeba amri hizo humpunguzia mfanyakazi kazi ya kugusa kibodi kila sanduku linapopita.

Code 39, iliyobuniwa na David Allais na Ray Stevens wa kampuni ya Intermec mwaka huohuo wa 1974, ilikuwa na alama 43: tarakimu, herufi kubwa na nyingine chache. Ili kuzifikia zote 128, ikatumika njia ya kuziunganisha mbilimbili: $M ikawa namba 13, $I ikawa Tab. Njia hii ilileta udhia. Lebo ilirefuka, na skana ambayo haikutayarishwa ilisoma dola na M kama zilivyo. Ukiitazama lebo yenyewe, huna namna ya kujua mwandishi wake alikusudia lipi.

Code 128, kazi ya Ted Williams wa Computer Identics mwaka 1981, ilitatua jambo hili kwa ustadi ambao sijaona ukisifiwa vya kutosha. Kila alama ina pau tatu nyeusi na mapengo matatu, kwa upana wa vipimo 11. Maana yake hutegemea seti inayotumika. Alama ya thamani 77 katika seti B ni herufi ndogo m; katika seti A, pau zilezile kwa unene uleule ni amri namba 13. Kwa hiyo amri ikachukua nafasi sawa kabisa na herufi, bila kuazima alama ya pili. Williams aliongeza pia alama za kazi maalumu zisizokuwamo ndani ya ASCII, mojawapo ikiwa FNC1.

Hiyo FNC1 ndiyo inayobeba uzito leo. Katika misimbo ya GS1, mfumo wa kutambulisha bidhaa, 10 hutangulia namba ya toleo la bidhaa, na 21 hutangulia namba yake ya pekee. Urefu wa namba ya toleo haujawekwa, hivyo lazima mwisho wake uonyeshwe. FNC1 huchapwa hapo, na skana huituma kwenye kompyuta kama namba 29 ya ASCII, ile ya kutenganisha makundi. Ikipotea, toleo A12 lenye namba ya pekee 7788 husomeka kuwa toleo A12217788, na namba ya pekee haipo tena.

Tangu tarehe 9 Februari 2019 Umoja wa Ulaya unataka pakiti nyingi za dawa za cheti ziwe na namba ya pekee ndani ya msimbo wa miraba, ili dawa bandia zitambulike. Humo pia kitenganishi hufika kwenye kompyuta kama namba 29. Lakini skana nyingi hujifanya kibodi, na kibodi haina kitufe cha namba 29. Baadhi huituma kama Ctrl pamoja na mabano ], nyingine huiacha. Mfamasia huona pakiti halali ikikataliwa, wakati uchapaji wake hauna kasoro. Mafundi huzuia hilo kwa kuiagiza skana itume alama inayoonekana mahali pa 29, kisha programu ya duka la dawa huirudisha kuwa 29 kabla ya kuuliza hifadhidata ya namba hizo za pekee.