Molekuli ndogo dhidi ya protini zilizojikunja vibaya

Ni dawa za kemikali nyepesi, nyingi za kumeza, zinazozuia protini kupoteza umbo na kugandana mwilini. Hutafutwa kwa ajili ya Parkinson, Alzheimer na amiloidosisi ya moyo.

Utafutaji

Mafanikio yasiyobishaniwa ni ya transthyretini, protini ya damu yenye vipande vinne ambavyo vikiachana hujikunja vibaya na kurundikana moyoni au kwenye neva. Jeffery Kelly na wenzake nchini Marekani walibuni tafamidis, inayokaa katika vishimo vilivyo kati ya vipande hivyo na kuvishikilia. Ulaya iliidhinisha mwaka 2011 kwa ugonjwa wa neva, Marekani mwaka 2019 kwa moyo. Kwa hiyo njia yenye tija ni kuiwahi protini ikiwa bado nzima, kuliko kupambana na bonge lililokwisha kuganda. Wapo wanaopinga wakisema maabara zimekwisha kupata kemikali tele za kuzuia mabonge. Ndiyo, ila neli ya majaribio ni shahidi mlaghai: kurkumini, ile rangi ya bizari ya manjano, hunata kwenye protini za kila aina, huvunjika upesi na hung'aa yenyewe kiasi cha kuvuruga vipimo. Alfa-sinukleini, protini inayoganda katika Parkinson, ni ngumu zaidi, maana ikiwa huru haina umbo moja wala kishimo cha kudumu. Dawa ya minzasolmin, iliyoilenga, ilishindwa katika jaribio la awamu ya pili mwaka 2024.

Kati ya Meru na Kilimanjaro

Dawa ikipatikana, itabidi imfikie mgonjwa. Wilayani Hai, kaskazini mwa Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu 161,071 wakakuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu hawakuwa wametambuliwa kabla. Utafiti ulichapishwa mwaka 2008. Inaweza kudaiwa kwamba wahitaji hao wapewe kwanza levodopa, ambayo imo hata katika mbegu za upupu, na molekuli mpya zisubiri. Hoja ya levodopa ni ya haki, lakini dawa hiyo hupunguza dalili tu, haigusi protini. Dawa ya kuiwahi protini nayo humhitaji mgonjwa mapema, na mtetemo unapoonekana seli nyingi za dopamini zimeshakufa. Utambuzi vijijini, basi, ni sehemu ya utafutaji wenyewe.

Alzheimer

Hapa kingamwili, mfano lecanemab, zimezitangulia molekuli ndogo.